Sura ya Tisa: Kulinda Kompyuta na Simu

Katika sura iliyopita ulijifunza kwamba kompyuta ni mashine inayofuata maagizo. Maagizo hayo yakipangwa kwa utaratibu huitwa programu. Simu ya mkononi nayo ni kompyuta ndogo, hata ile ya vitufe ambayo bibi yako huifunga katika pindo la kanga. Katika sura hii utajifunza jinsi wezi wanavyoutumia utiifu wa mashine hizi, na jinsi unavyoweza kujilinda wewe mwenyewe pamoja na watu wa nyumbani kwenu.

Fikiri juu ya mlango wa nyumba. Mlango haumjui aliyeshika ufunguo. Ufunguo ukiingia na kuzunguka, kufuli hufunguka, awe aliyeushika ni mwenye nyumba au mwizi. Kompyuta ni vivyo hivyo. Zipo simu zinazotambua uso au alama ya kidole cha mwenyewe, lakini hata hizo hulinganisha vipimo tu; nia ya mtu haziijui. Agizo baya hutekelezwa na kompyuta kwa bidii ile ile ya agizo jema. Jambo hili utalielewa vizuri zaidi kwa kufanya jaribio.

Jaribio la 1: Kadi inayojinakili

Vifaa: karatasi zilizokatwa vipande vidogo na kalamu kwa kila mwanafunzi.

Kila mwanafunzi darasani ajifanye kuwa kompyuta. Kazi yake ni kusoma kadi atakayopewa na kutenda yaliyoandikwa, bila kuuliza swali. Kwanza mwalimu agawe kadi za kawaida, kama vile "Simama, kisha keti" au "Piga makofi mara mbili". Baadaye ampe mwanafunzi mmoja tu kadi hii: "Andika kadi mbili zilizo sawa na hii. Wape wanafunzi wawili ambao hawajapata. Kisha weka kalamu chini, usifanye kazi nyingine yoyote."

Mwanafunzi mwingine asimame ubaoni na kuhesabu waliopata kadi baada ya kila mzunguko. Mwanzoni ni mmoja. Baada ya mzunguko wa kwanza ni watatu, kisha 7, kisha 15, kisha 31. Darasa la wanafunzi 45 humalizika katika mzunguko wa tano. Je, ni nani aliyeagizwa na mwalimu kulisimamisha darasa zima? Hakuna. Mwalimu alitoa kadi moja tu.

Sasa rudieni jaribio. Safari hii wanafunzi kumi waliotawanyika darasani waruhusiwe kusoma kadi na kuichana badala ya kuitii. Hesabuni tena. Linganisheni hesabu ya kwanza na ya pili, kisha jadilianeni kwa nini zimetofautiana.

Virusi vya kompyuta

Programu inayojinakili na kuhamia katika kompyuta nyingine bila ruhusa ya mwenyewe huitwa kirusi cha kompyuta. Jina hili liliazimwa kutoka katika somo la magonjwa, kwa sababu virusi vya magonjwa navyo hujizidisha ndani ya mwili na kuhamia kwa mtu mwingine. Lakini mfanano unaishia hapo. Kirusi cha kompyuta hakina uhai. Huwezi kukiona kwa hadubini, wala hakiwezi kumwambukiza mtu anayeishika simu. Ni maandishi tu, yaani maagizo yaliyotungwa na binadamu aliyeketi mahali fulani.

Mojawapo ya virusi vya mwanzo kuenea kutoka mkono hadi mkono kilitungwa mwaka 1982 na mvulana wa Kimarekani, Rich Skrenta, aliyekuwa na umri wa miaka 15. Kiliitwa Elk Cloner. Siku hizo programu zilihifadhiwa katika diski nyembamba, na vijana waliazimana diski za michezo. Kirusi hicho kilijinakili kutoka diski hadi diski, na kila kompyuta ilipowashwa kwa mara ya 50 kwa diski iliyoambukizwa, shairi fupi la mzaha lilitokea kwenye kioo. Ulikuwa utani wa mtoto wa shule. Waliomfuata hawakuwa watani. Mwezi Mei mwaka 2000 ilisambaa kutoka Ufilipino barua ya kompyuta yenye kichwa kinachosema "Nakupenda" kwa Kiingereza. Aliyeipokea alifurahi, akalifungua faili lililoambatishwa, na papo hapo programu iliyojificha ndani yake ikaharibu picha zake na kujituma kwa watu wote ambao anwani zao zilikuwa katika kompyuta ile. Kila aliyefuata aliiona barua inatoka kwa mtu anayemfahamu. Ndiyo maana aliifungua.

Hapa kwetu diski zile nyembamba hazitumiki tena, lakini kazi yake imechukuliwa na flashi. Tuseme mwalimu ameandika mtihani katika kompyuta ya shule. Anauweka katika flashi na kuupeleka steshenari mjini ukachapishwe. Kompyuta ya steshenari hupokea flashi za watu wengi kila siku, na ikiwa mmoja wao alileta kirusi, kirusi hicho huingia katika flashi ya mwalimu. Flashi ikirudi shuleni na kuchomekwa, kompyuta ya shule nayo huambukizwa. Dalili ya kawaida ni kuona majina ya mafaili yapo, lakini ukiyagusa hayafunguki. Kwa hiyo flashi iliyotoka nje hukaguliwa kwanza kwa programu ya kuzuia virusi, kama vile mgeni anayetoka penye kipindupindu anavyonawa mikono kabla ya kula na wenzake.

Programu ya kuzuia virusi hufanya kazi kwa kulinganisha kila faili na orodha ya alama za virusi vinavyojulikana. Orodha ikiwa ya zamani, kirusi kipya hupita bila kutambuliwa. Hii ndiyo sababu moja ya kompyuta na simu kuhitaji kusasishwa, yaani kupewa marekebisho mapya yanayotolewa na waliozitengeneza. Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Programu hutungwa na binadamu, na binadamu huacha matundu. Tundu likigunduliwa, watengenezaji hutoa kiraka. Asiyekibandika kiraka hubaki na tundu ambalo sasa wezi wote wanalijua.

Yaliyotokea mwaka 2017 yanaonyesha gharama ya kuchelewa. Tarehe 12 Mei, programu iitwayo WannaCry ilianza kuingia katika kompyuta kupitia tundu la namna hiyo. Haikuiba mafaili. Iliyageuza kuwa mafumbo yasiyosomeka, kisha ikaandika kwenye kioo kwamba mwenyewe alipe dola 300 ndipo afunguliwe. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilipatwa. Huko Uingereza hospitali nyingi zilishindwa kusoma kumbukumbu za wagonjwa. Maelfu ya miadi ya matibabu yalifutwa, na baadhi ya magari ya wagonjwa yalielekezwa hospitali nyingine. Kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimetolewa tangu tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla.

Dhidi ya wezi wa aina hii ipo kinga nyingine, ya zamani na isiyo na ufundi wowote: kuweka nakala ya akiba. Mkulima haweki mbegu zake zote katika ghala moja. Mafaili muhimu ya shule, kama alama za mitihani na majina ya wanafunzi, yapaswa kuwa na nakala katika chombo kingine ambacho hakikuachwa kimechomekwa kwenye kompyuta. Neno "hakikuachwa" lina maana hapa. Nakala iliyobaki imechomekwa itageuzwa mafumbo pamoja na nyingine zote.

Namba ya siri

Jaribio la 2: Kubahatisha namba

Keti na mwenzako. Andika tarakimu moja katika karatasi na kuificha. Mwenzako abahatishe mpaka apate, nawe uhesabu mara alizojaribu. Hata akiwa na bahati mbaya sana, hatazidi mara 10. Sasa andika tarakimu mbili, kutoka 00 hadi 99. Hapo huenda akajaribu hadi mara 100. Andika katika daftari lako: tarakimu tatu zingemfikisha mara ngapi? Je, nne?

Namba ya siri yenye tarakimu nne ina uwezekano wa namba 10,000. Mtu anayejaribu namba moja kila baada ya sekunde 5 angehitaji sekunde 50,000 kuzimaliza zote, yaani karibu saa 14. Kompyuta inayojaribu namba milioni moja kwa sekunde ingemaliza kabla hujapepesa jicho. Kwa sababu hiyo mashine zinazolinda pesa haziruhusu kubahatisha bila kikomo. Namba ya siri ya laini ya simu, kwa mfano, hujifunga baada ya kukosewa mara tatu.

Mtu anaweza kuiharibu kinga hii mwenyewe. Wengi huchagua mwaka wao wa kuzaliwa ili wasisahau. Mwizi akilijua hilo, hana tena namba 10,000 mbele yake. Ana miaka isiyozidi mia moja hivi, na akimtazama mtu usoni atakisia karibu. Namba 1234 na 0000 hazistahili hata kuitwa siri.

Mahali penye kutumia herufi, siri ya kuingilia huitwa nywila. Tukichukua herufi ndogo 26 za kompyuta, nywila ya herufi 8 ina uwezekano wa bilioni 208 na zaidi. Unaweza kudhani ni nyingi. Kompyuta yetu ya milioni moja kwa sekunde ingezimaliza kwa siku mbili na nusu hivi. Ongeza herufi nne tu, ziwe 12, na kompyuta ile ile ingehitaji miaka zaidi ya 3,000. Urefu wa nywila una nguvu kuliko watu wengi wanavyodhani. Ila wezi hawaanzi na herufi zilizochanganywa ovyo. Huanza na maneno ya kamusi, majina ya watu na majina ya timu za mpira. Maneno manne yasiyohusiana, yaliyounganishwa pamoja, ni rahisi kuyakumbuka na ni magumu kuyabahatisha. Tunga ya kwako, wala usimwonyeshe mwenzako, hata kwa zoezi la darasani.

Mwizi anayeomba ufunguo

Sasa tumefika penye jambo kubwa la sura hii. Ikiwa kufuli ni gumu namna hiyo, mwizi afanyeje? Anamwomba mwenye nyumba amfungulie.

Tangu mwaka 2007, huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya, na mwaka 2008 ilipofika Tanzania, simu imekuwa mkoba wa fedha wa mamilioni ya watu. Ada ya shule, bei ya mahindi na nauli ya mgonjwa hupitia humo. Wezi hawakukawia kuufuata mkoba huo. Huenda umewahi kuona nyumbani ujumbe kama huu: "Ile pesa nitumie kwenye namba hii, ile yangu ina tatizo." Aliyeutuma hakujui wala hajui habari za pesa yoyote. Basi, ujumbe wake unafanyaje kazi?

Piga hesabu. Tuseme mwizi ametuma ujumbe huo kwa watu 5,000. Wengi wao watashangaa na kuufuta. Lakini tuseme kwamba katika kila watu 1,000, yupo mmoja ambaye asubuhi ile ile alikuwa amejiandaa kumtumia mtu pesa: mzazi anayepeleka ada mwezi Januari, au kaka anayemtumia mama pesa ya dawa. Hao ni watu watano. Kwao ujumbe umefika kwa wakati wake hasa, kana kwamba aliyeandika anawajua. Mwizi hana uchawi. Ametupa wavu mpana, na kwake samaki watano wanatosha.

Dawa yake ni rahisi. Usijibu ujumbe, wala usipige namba iliyoandikwa ndani yake. Piga namba ya zamani unayoijua, usikie sauti ya mwenyewe. Mtu anayekudai kweli hatakasirika kwa kuulizwa.

Ujumbe wa pili husema kwamba umepokea pesa, kisha mtu hupiga simu akilia kuwa amekosea namba, arudishiwe. Ujumbe wa namna hiyo mwizi huweza kuutunga mwenyewe. Tazama salio kabla ya kurudisha chochote. Ikiwa pesa imeingia kweli, wajulisheni watu wa kampuni ya simu wairudishe wao. Wapo pia wanaojitambulisha kuwa watumishi wa kampuni au wa benki na kuuliza namba ya siri, au tarakimu zilizoingia katika simu muda huo huo. Mtumishi wa kweli hana kazi nazo. Anayeziuliza ni mwizi, hata awe na sauti ya upole kiasi gani.

Kwa nini tunakuambia haya wewe, ambaye huna pesa katika simu? Kwa sababu katika nyumba nyingi mtoto wa darasa la tano ndiye msomaji. Babu asiyeona vizuri hukupa simu na kusema, "Nisomee, mjukuu wangu." Wakati huo wewe ndiwe unayesimama mlangoni. Msomee ujumbe wote kama ulivyo, kisha umweleze kwa adabu: "Babu, tusitume kwanza. Tumpigie mwenyewe." Akikutajia namba yake ya siri ili umsaidie kwa wakala, isitoke kinywani mwako kumfikia wakala wala mtu mwingine yeyote.

Kusoma anwani

Ujumbe mwingine huleta kiungo, yaani anwani ya kugusa ili kufungua ukurasa katika intaneti. Ukurasa huo huweza kufanana kabisa na wa benki au wa serikali, ukakutaka uandike nywila. Rangi na picha ni rahisi kunakili. Kilicho kigumu kunakili ni anwani.

Katika bahasha huandika jina la mtu kwanza, kisha sanduku la posta, na mwisho mji. Mtu wa posta hutazama mji kwanza. Jina la makao katika intaneti nalo husomwa kuanzia mwisho. Tafuta mkwaju wa kwanza unaosimama peke yake. Jina la makao ni lile linaloishia kabla yake. Katika Tanzania, makao ya ofisi za serikali huishia na go.tz. Mwizi anaweza kuziweka herufi hizo katikati na kumalizia kwa jina lake mwenyewe, akitumaini kwamba utasoma mwanzo tu. Ni sawa na bahasha iliyoandikwa "Dodoma" mahali pa jina la mtu na mji mwingine mahali pa mji. Barua itakwenda Dodoma? Hata kidogo. Wengine huweka sifuri mahali pa herufi o, au tarakimu 1 mahali pa herufi l. Soma polepole.

Watu usiowaona

Katika michezo ya simu na makundi ya mazungumzo unaweza kukutana na mtu anayesema ana miaka 11 kama wewe. Huwezi kumwona. Huenda ni mtoto, huenda ni mtu mzima. Usimtajie jina la shule yako, njia unayopita, wala siku ambazo wazazi hawapo. Akikuomba picha yako, au akikuambia mambo yenu yawe siri, acha kumjibu na umwambie mzazi, mlezi au mwalimu. Ukimwogopa aliye karibu nawe, piga simu namba 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto, Tanzania na Kenya pia.

Ikiwa mwizi amefanikiwa

Aliyedanganywa huona haya. Hunyamaza siku mbili au tatu, akiogopa kuchekwa, na siku hizo ndizo mwizi anazozihitaji ili kuzitoa pesa na kutoweka. Kumcheka mtu kama huyo ni kumsaidia mwizi. Hata walimu, waganga na watumishi wa benki wamewahi kudanganywa. Lifaalo ni haraka. Kampuni ya simu ipigiwe mara moja, kwa namba yake inayojulikana, iombwe kuizuia pesa kabla haijatolewa. Namba ya siri ibadilishwe. Ujumbe usifutwe, kwa kuwa ni ushahidi. Katika Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano imetenga namba 15040 kupokea taarifa za namba zinazotumiwa na matapeli, na polisi huwashtaki wahusika kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Maswali

1. Kwa nini kompyuta hutekeleza agizo la mwizi sawa na agizo la mwenyewe?
2. Taja jambo moja ambalo kirusi cha kompyuta kinafanana na virusi vya magonjwa, na mambo mawili ambayo havifanani.
3. Namba ya siri ya tarakimu sita ina uwezekano wa namba ngapi? Mtu anayejaribu moja kila baada ya sekunde 5 angetumia siku ngapi hivi kuzimaliza?
4. Mwizi ametuma ujumbe kwa watu 12,000. Ikiwa mmoja katika kila 1,000 amedanganyika na kutuma shilingi 30,000, mwizi amepata kiasi gani?
5. Kompyuta iliyo na nakala za akiba katika flashi iliyochomekwa wakati wote imelindwa vizuri? Eleza.
6. Nyumbani, muombe mtu mzima akueleze ujumbe wa utapeli aliowahi kuupokea. Uandike katika daftari lako bila kutaja jina wala namba ya mtu, kisha upige mstari chini ya neno ambalo lingemfanya asiyejua auamini.